Deni la daraja likiisha, tozo inaondoka?

Watu wengi wanaamini tozo ya daraja ni ya kurudisha hela ya ujenzi tu, deni likiisha basi wote tunapita bure, kwahiyo bei ikipanda kila mwaka mtu anaona kabisa anaibiwa. Si wazo la ajabu, madaraja mengine yalijengwa kwa ahadi hiyohiyo.

Ila cheki Golden Gate kule San Francisco. Lilifunguliwa 1937, gari likilipa senti 50, na deni la ujenzi likaisha 1971 kwa hela ya tozo. Mpaka leo ukiingia mjini kutoka kaskazini unalipa (ukitoka hulipi, tangu 1968 wanatoza upande mmoja) na hakuna hata wa kumpa hela mkononi, kamera inasoma pleti namba. Hela inaenda wapi? Chuma kinapigwa na ukungu wa chumvi toka baharini, mafundi wa rangi hawakosekani pale juu, halafu tozo hiyohiyo inabeba mabasi na feri, na hapo ndo madereva wengi huwa hawajui.

Kuna kwingine kweli waliondoa, mfano madaraja ya Severn kati ya Uingereza na Wales, tangu Desemba 2018 unapita bure.

Kwahiyo usiulize deni limeisha lini, tafuta sheria ya tozo ya daraja lako inasema hela itumike kwa nini, kisha fungua bajeti ya mwaka, mara nyingi iko mtandaoni, uone matengenezo wamekula ngapi na usafiri wa umma ngapi.