Urasili: halali kwenye RNA, kosa kwenye DNA

Kila siku, ndani ya kila seli ya mwili wa binadamu, sitosini zilizomo kwenye DNA hugeuka zenyewe kuwa urasili. Zote mbili ni besi, yaani herufi za kikemia ambazo maagizo ya seli huandikwa kwazo. Makadirio yanayokubalika ni kati ya 100 na 500 kwa seli moja kwa siku. Si lazima pawe na sumu, mionzi au moshi wa sigara. Maji ya ndani ya seli yanatosha: kundi la amino kwenye sitosini linang'oka, oksijeni inachukua nafasi yake, na kinachobaki ni urasili.

Urasili si kitu kigeni mwilini. Ni mojawapo ya besi nne za RNA, molekuli jamaa ya DNA inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, pamoja na adenini, guanini na sitosini. Besi ikiunganishwa na sukari na fosfeti huitwa nyukleotidi, na DNA na RNA zote ni minyororo ya nyukleotidi. Kwenye DNA, nafasi ya urasili hushikwa na timini. DNA ina nyuzi mbili, na besi za uzi mmoja hushikana na za mwingine: adenini hushikana na timini, au na urasili ikiwa ni RNA. Guanini hushikana na sitosini. Sasa fikiria sitosini ya DNA imegeuka urasili na seli ikajinakili kabla haijarekebisha. Palipotakiwa kuingia guanini panaingia adenini, na mojawapo ya seli mbili zinazozaliwa hubaki na badiliko hilo moja kwa moja. Likitokea ndani ya jeni inayozuia seli kugawanyika ovyo, ni hatua moja kuelekea saratani.

Ndiyo maana napenda sana swali hili la wanafunzi: kwa nini DNA haitumii urasili tu, kama RNA? Timini ni urasili iliyoongezewa kundi dogo la metili kwenye kaboni ya 5, na kuliongeza kundi hilo kunaigharimu seli nguvu na vitamini ya foleti. Jibu linalokubalika ni kwamba gharama hiyo inanunua uwezo wa kutambua kosa. Kama urasili ingekuwa besi halali ya DNA, seli isingejua ni ipi iliyowekwa kihalali na ipi iliyotokana na sitosini iliyoharibika. Kwa kuwa timini ina alama ya metili, urasili yoyote inayokutwa kwenye DNA huhesabiwa kuwa haipo mahali pake.

Mwaka 1974 mwanasayansi wa Uswidi, Tomas Lindahl, alieleza kimeng'enya cha bakteria kinachofanya kazi hiyo ya ukaguzi. Kimeng'enya hicho hupita kwenye DNA na kikikuta urasili huipindua itoke nje ya uzi, kisha hukata kifungo kati yake na sukari. Vimeng'enya vingine hufuata: kimoja hukata uzi penye pengo, kingine huweka sitosini kwa kufuata uzi wa pili, na cha mwisho huunga. Sisi binadamu tunacho kimeng'enya cha jamii hiyohiyo. Lindahl alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015 pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar, ambao walichunguza njia nyingine za kukarabati DNA.

Ulinzi huu una mahali unapolegea. Baadhi ya sitosini za DNA zetu huwekewa metili kwa makusudi, ili kuzima au kutuliza jeni fulani. Sitosini ya namna hiyo ikipoteza kundi lake la amino haiwi urasili, bali inakuwa timini, ambayo ni besi halali kabisa na ni ngumu zaidi kuibaini. Sehemu hizo ni miongoni mwa zinazobadilika mara nyingi zaidi katika magonjwa ya kurithi na katika saratani.

Foleti nayo haipaswi kuchukuliwa kwa wepesi. Ikipungua mwilini, timini haitengenezwi ya kutosha, na seli huanza kupachika urasili kwenye DNA wakati wa kujinakili. Ukarabati unakuwa wa kukata na kukata tena, hadi kromosomu zinavunjika. Seli za uboho, zinazogawanyika kwa kasi, huathirika mapema, na mgonjwa hupata upungufu wa damu wenye chembe nyekundu kubwa kupita kawaida.

Madaktari wa saratani wameugeuza udhaifu huohuo kuwa tiba. Mwaka 1957 Charles Heidelberger na wenzake nchini Marekani walitangaza florourasili, yaani urasili ambayo haidrojeni yake moja imebadilishwa na florini. Ilikuwa imeonekana kwamba uvimbe wa saratani ya ini katika panya ulitumia urasili nyingi zaidi kuliko ini lisilo na ugonjwa. Dawa hiyo hukizuia kimeng'enya kinachotengeneza timini, na mpaka leo hutumika kwa saratani ya utumbo mpana, ya matiti na nyingine. Hapa naomba msomaji atulie kidogo. Wapo watu waliozaliwa na upungufu wa DPD, kimeng'enya kinachovunja urasili na pia dawa hii. Kwao dozi ya kawaida inaweza kuua. Tangu 2020 Wakala wa Dawa wa Ulaya unapendekeza wagonjwa wapimwe kabla ya kuanza florourasili ya mshipani au kapesitabini ya vidonge, ambayo mwilini hugeuka kuwa florourasili. Njia mojawapo ni kupima kiwango cha urasili kwenye damu. Ukiandikiwa dawa hizi, wewe au ndugu yako, muulize daktari kuhusu kipimo hicho.

Upande wa RNA, badiliko lililoleta manufaa makubwa lilihusu pia urasili. Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha mwaka 2005 kwamba RNA iliyotengenezwa maabara huamsha kinga ya mwili kwa ukali, lakini ikiwa na siyudouridini badala ya uridini (urasili iliyofungwa kwenye sukari yake), ukali huo hupungua. Siyudouridini haikubuniwa na mtu. Imo kwenye RNA zetu wenyewe, na hutofautiana na uridini kwa namna tu urasili ilivyofungwa kwenye sukari. Aina yake iliyoongezewa metili ndiyo iliyotumika katika chanjo za Pfizer-BioNTech na Moderna dhidi ya UVIKO-19, na watafiti hao wawili walipata Nobel mwaka 2023. Wanaohofia kwamba chanjo hizo hubadilisha DNA wanastahili jibu la wazi: DNA imo ndani ya kiini cha seli, lakini RNA hiyo husomwa nje ya kiini, protini ikatengenezwa, kisha RNA ikavunjwa.

Kuna virusi vya bakteria ambavyo DNA yao yote ina urasili badala ya timini. Kimojawapo, PBS2, hujikinga kwa protini inayokifunga kimeng'enya cha ukaguzi cha bakteria. Mwaka 2016 maabara ya David Liu huko Harvard iliiunganisha protini hiyo na kifaa cha kimolekuli kinachogeuza sitosini kuwa urasili mahali palipochaguliwa, ili ukarabati usiifute kazi hiyo. Mwaka 2022, katika hospitali ya Great Ormond Street jijini London, seli za kinga za mchangiaji ambazo DNA yake ilihaririwa kwa njia ya namna hii zilitumika kumtibu mtoto mwenye saratani ya damu ambayo tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa kuiondoa.