Usalama karakana ya mbao: pa kuanzia

Mwenye karakana ya fanicha akisikia wakaguzi wanapita mtaani, hukimbilia kununua glavu. Anamgawia kila fundi jozi yake, akiwemo yule wa msumeno wa mezani, na hapo ameshaongeza hatari. Glavu ikinaswa na meno yanayozunguka, inavuta mkono ndani kabla fundi hajajua kinachotokea. Kwenye msumeno mikono hubaki mitupu. Glavu ni za kubebea mbao na kushikia thina.

Ninapoitwa kuandaa mpango wa usalama, vifaa vya kujikinga naviweka mwisho kabisa. Naanza na mashine yenyewe. Mara nyingi kinga ya msumeno, kile kifuniko cha meno yake, naikuta imetundikwa ukutani, imejaa vumbi. Ukimgombeza fundi, atairudisha leo na kesho ataitoa. Muulize taratibu: "Fundi, hii mliitoa kwa kazi gani?" Atakueleza kwamba akipasua vipande vyembamba inamzuia, na yeye analipwa kwa kipande. Basi hatari umeshaijua: ni kinga isiyorekebishika, pamoja na malipo yanayomharakisha. Ya kwanza inatibika kwa kinga inayopanda na kushuka, na kijiti cha kusukumia mbao kilichochongwa kwa mabaki ya plaiwudi na kufungwa kwa kamba kwenye mashine hiyohiyo, kisipotee. Ya pili ni mazungumzo magumu. Hapo mabosi wengi hunikatiza, kwamba niliitwa kwa usalama, si kwa mishahara!

Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya. Tafadhali asiwe shemeji wa bosi. Awe mtu ambaye mafundi wanamsikiliza, na akisema mashine izimwe, izimwe.

Huyo ndiye atakayetunza daftari la chupuchupu, yaani yale matukio ambayo nusura yaumize mtu. Mfano: "Jumanne, msumeno wa mezani. Ubao wa mkongo ulibana, ukarushwa nyuma, ukapita pembeni ya saidia fundi. Kisu cha nyuma ya msumeno, kinachozuia ubao usibane meno, hakikuwepo. Kimerudishwa Jumatano." Sentensi ya mwisho ndiyo naisoma kwanza. Daftari lenye matukio lakini halina marekebisho ni umbea. Na siku utakapomkata mtu posho kwa alichoandika, usitegemee kusoma kingine humo.

Kubadilisha meno ya msumeno kuna utaratibu wake: zima swichi kuu, ipige kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa anayefanya kazi hiyo. "Oya, msiwashe!" si kufuli.

Magonjwa husahaulika kwa sababu hayatoi damu. Vumbi la mbao limo katika kundi la kwanza, la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa, kwa orodha ya IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, na la mvule huwasha ngozi na kubana kifua. Kupuliza nguo kwa kompresa jioni ni kulirudisha hewani watu walivute upya. Livutwe kwa mashine pale linapotokea, na sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagia.

Kelele nazo zina hesabu yake. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka ukomo wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Msumeno unaotoa desibeli 100 unakuachia dakika 15 tu bila viziba masikio. Ndiyo maana nasisitiza fundi apimwe masikio na mapafu kabla hajaanza kazi, kisha apimwe tena kila baada ya muda, na majibu yahifadhiwe. Siku akidai fidia WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa uziwi wa kazini, kitu cha kwanza kutafutwa kitakuwa kipimo cha siku aliyoajiriwa.