Kwa Nini Watafiti wa Sarafu Huenziwa kwa Kugeuzwa Namba?

Ukifungua orodha ya mnada wa sarafu za kale za Marekani, utakuta maelezo mafupi ya namna hii: senti ya 1794, S-48. Mwaka unaeleweka na thamani inaeleweka, lakini ile herufi na namba inayoifuata haimo popote katika sarafu yenyewe, wala kiwanda kilichoipiga hakikuwahi kuitumia. S ni Sheldon, jina la mtu aliyefariki mwaka 1977, na 48 ni nafasi ambayo sarafu hiyo ilipewa katika kitabu chake. Kila anayeinunua, kuiuza au kuichunguza humtaja mtu huyo, mara nyingi bila hata kumfikiria. Je, ilikuwaje jamii ya wakusanyaji wa sarafu, yenye medali na tuzo zake kama jamii nyingine za wasomi, ikazoea kuwaenzi watafiti wake kwa njia hii?

Jibu linaanzia kwenye jinsi sarafu za zamani zilivyotengenezwa. Sarafu hupigwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wa uso na mwingine wa mgongo, na katika miaka ya mwanzo ya kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kila muhuri ulimaliziwa kwa mkono. Mchongaji aligonga herufi moja baada ya nyingine, akapanga tarakimu za mwaka kwa kukisia kwa jicho, akachonga nywele za mwanamke anayewakilisha Uhuru kadiri mkono wake ulivyomtuma siku hiyo. Kwa hiyo hapakuwa na mihuri miwili iliyofanana kabisa. Muhuri ulipopasuka, ufa wake ulionekana kwenye sarafu kama uzi mwembamba ulioinuka, na uzi huo ulizidi kurefuka kadiri kazi ilivyoendelea, mpaka muhuri ukatupwa na mwingine ukawekwa mahali pake.

Tazama senti ya kwanza kabisa ya mwaka 1793. Mgongoni ina mnyororo wa pete 15, moja kwa kila jimbo, na kuuzunguka kuna jina la nchi. Lakini mchongaji alilikatiza jina hilo, akaandika AMERI na nukta. Muhuri uliofuata uliliandika neno lote, AMERICA. Kwa mtu wa kawaida hizo zote ni senti za mnyororo za 1793, ila kwa mtafiti ni ushahidi wa mpangilio wa kazi ndani ya karakana ambayo haikuacha maelezo ya kutosha juu ya kila muhuri. Anayetaka kuusoma ushahidi huo hana budi kukusanya mamia ya sarafu, kuzilinganisha kwa kioo cha kukuzia, na kuandika uso upi uliungana na mgongo upi. Hiyo ni kazi ya miaka mingi, na kwa sehemu kubwa imefanywa na watu waliokuwa na ajira nyingine kabisa.

Mmoja wa waliotangulia alikuwa daktari, Edward Maris wa Philadelphia, ambaye mwaka 1869 alichapisha uchunguzi wake wa senti za shaba za 1794. Yeye hakutumia namba tu, bali alizipa majina kwa sura zilivyomjia machoni, kwa hiyo kukawa na senti yenye kidevu maradufu, yenye mashavu ya tufaha, na nyingine aliyoiita Venus wa baharini. Nakiri kwamba majina hayo yana ladha ambayo namba haina. Lakini majina ya namna hiyo yana kasoro moja kubwa: kile anachokiona mtu mmoja kuwa shavu la tufaha, mwingine hukiona kuwa shavu tu. Biashara na elimu zilihitaji kitu kisichobishaniwa.

William Sheldon, aliyekuwa mwanasaikolojia, alikileta kitu hicho mwaka 1949 katika kitabu chake kuhusu senti kubwa za 1793 hadi 1814. Ile senti yenye AMERI aliipa namba 1, na kwa kufuata mwaka hadi mwaka akafika namba 295. S-48 niliyoitaja mwanzoni ni senti ya 1794 ambayo kando ya mgongo wake ina duara la nyota 94 ndogo mno, zilizofichwa kati ya meno ya ukingo, na hakuna aliyewahi kueleza kwa uhakika ziliwekwa kwa sababu gani. Badala ya kuyaeleza hayo yote kila mara, mkusanyaji husema S-48, na mwenzake aliye ng'ambo ya bahari anajua mara moja. Sheldon ndiye pia aliyebuni kipimo cha ubora cha 1 hadi 70, kilichotokana na hesabu ya bei za senti hizo za shaba wakati wake. Hesabu yenyewe ilipitwa na wakati mapema, lakini kipimo kikaenea hadi kutumika kwa sarafu za kila aina.

Baada ya hapo mtindo ukashika. Senti za 1816 hadi 1857 zina herufi N, ya Howard Newcomb. Nusu dola za 1794 hadi 1836 zina O, ya Al Overton. Dola za fedha za miaka ya 1878 hadi 1935 zina VAM, yaani Van Allen na Mallis, na kuna wakusanyaji wanaotamka neno hilo kama jina la kitu bila kujua kwamba ni watu wawili. Kwa sarafu za dunia nzima kuna KM, ya Krause na Mishler, ambao katalogi yao ilitoka mara ya kwanza mwaka 1972.

Tofauti kati ya namba na medali iko hapa. Medali hutolewa na kamati. Chama cha kifalme cha elimu ya sarafu cha London, kilichoanzishwa mwaka 1836, kimekuwa kikitoa medali yake tangu 1883, na ni heshima ya kweli kabisa. Lakini hutolewa siku moja, kwa hotuba na makofi, kisha mambo yanaendelea. Namba haitolewi na mtu yeyote. Mtafiti anachapisha kitabu, na wenzake ama wanakitumia ama hawakitumii. Wapo walioandika vitabu vyenye namba nzuri zilizopangwa kwa uangalifu, na hakuna aliyezifuata. Wakizifuata, ni kwa sababu kazi imejaribiwa kwenye meza nyingi, na sarafu baada ya sarafu ikakubaliana na maelezo yake.

Mtu anayeonyesha vizuri zaidi namna heshima hiyo inavyopatikana, kwa maoni yangu, ni Eric P. Newman wa St. Louis, mwanasheria aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 106. Alikuwa mkusanyaji mkubwa. Kuna wakati alimiliki sarafu zote tano zinazojulikana za senti tano za Liberty za mwaka 1913. Lakini wenzake hawamkumbuki kwanza kwa alichokuwa nacho. Wanamkumbuka kwa tabia yake ya kulichukua dai lililozoeleka na kulihoji kama shahidi mahakamani.

Dai maarufu kuliko yote lilihusu dola ya fedha ya 1804. Vitabu vya kiwanda vilionyesha kwamba mwaka huo zilitolewa dola 19,570, ilhali dola zenye tarehe hiyo zilizojulikana zilikuwa chache mno, na pengo hilo likazibwa kwa hadithi, kwa mfano kwamba nyingine zote zilizama baharini. Newman pamoja na Kenneth Bressett walikusanya barua za serikali, kumbukumbu za kiwanda na sarafu zenyewe. Walionyesha kwamba dola zilizotolewa mwaka 1804 zilipigwa kwa mihuri ya miaka iliyotangulia, na kwamba zile zenye tarehe 1804 zilipigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1834, miaka 30 baadaye, kwa ajili ya zawadi za kidiplomasia. Ukingo wake ulioinuka na umaliziaji wake ni wa ufundi wa miaka ya 1830, si wa miaka ya mwanzo wa karne.

Zawadi zenyewe zinagusa historia tunayoijua. Mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alipanda meli ya Peacock na mwaka 1835 akamkabidhi Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat, yule yule aliyehamishia makao yake Zanzibar, seti ya sarafu za nchi yake ambamo dola ya 1804 ilikuwemo. Seti nyingine ilifika Siam, yaani Thailand ya leo, mwaka 1836. Dola inayoaminika kuwa ndiyo ya Seyyid Said iliuzwa mnadani mwaka 1999 kwa zaidi ya dola milioni 4, na mwaka 2021 ikauzwa kwa dola milioni 7.68. Kwa miaka mingi zilijulikana dola 15 tu zenye tarehe hiyo: 8 za mapigo ya kwanza, na 7 zilizopigwa baadaye kwa mihuri iliyobaki kiwandani, moja kati yake ikiwa imepigwa juu ya sarafu ya Uswisi ya mwaka 1857, jambo ambalo peke yake linatosha kuumbua tarehe iliyoandikwa usoni.

Mwaka 1962 kitabu cha Newman na Bressett kilikuwa tayari kwa kuzinduliwa kwenye mkutano wa wakusanyaji mjini Detroit, pale mfanyabiashara wa sarafu kutoka London alipofika na kisanduku cha ngozi. Ndani yake mlikuwa na seti ya Siam, ambayo hakuna mtafiti aliyekuwa ameiona: dola ya 1804 imekaa kwenye tundu lake pamoja na sarafu za 1834. Hoja waliyoijenga kwa karatasi ilikuwa sasa mezani, ya fedha na dhahabu. Walikizuia kitabu, wakaongeza habari za ugunduzi huo, kisha wakakitoa. Wengine wangezindua kwanza na kusahihisha baadaye. Nadhani uamuzi huo unaeleza heshima ya Newman kuliko tuzo zote alizopokea.

Msomaji atauliza, je, namba ni cheti cha uadilifu? La. Sheldon ndiye mfano mchungu. Chama cha elimu ya sarafu cha New York, kilichoanzishwa mwaka 1858, kilikuwa kimepewa senti bora za mkusanyaji George Clapp. Miaka mingi baada ya Sheldon kufariki ilibainika kwamba, alipokuwa akizichunguza, alichukua nzuri na kuacha mahali pake zake zilizokuwa duni. Chama kilikwenda mahakamani kudai sarafu zake na kikashinda. Jina lake lilichafuka, lakini namba zake hazikufutwa, kwani hakuna aliyeweza kusema kwamba AMERI si S-1. Wapo wanaoona uchungu kulitamka jina hilo kila siku, na siwalaumu. Ila kubadilisha namba kungevuruga rekodi za miongo mingi, na jamii hii iliamua kutenganisha kazi na mtu.

Newman naye ana namba zake. Mwaka 1952 alizipanga zile zinazoitwa dola za Bara (Continental), vipande ambavyo vingi ni vya pyuta, yaani mchanganyiko wa bati na metali nyingine, vyenye tarehe 1776, kwa kuupa kila uso namba na kila mgongo herufi. Newman 1-C ni ile ambayo mchongaji wake alikosea neno CURRENCY akaandika CURENCY, kwa R moja. Newman 2-C ina mgongo ule ule, lakini neno limeandikwa sawasawa. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba hizo ni fedha zilizopigwa na Wamarekani wakati wa vita vya uhuru. Mwaka 2018, miezi michache baada ya Newman kufariki, watafiti Erik Goldstein na David McCarthy walichapisha makala wakitoa hoja kwamba si fedha hata kidogo, bali ni medali zilizotengenezwa Ulaya ili ziuzwe kama ukumbusho. Hoja yao wameijenga kwa njia ile ile aliyoitumia yeye dhidi ya dola ya 1804, yaani kwa maandishi ya wakati ule yaliyowekwa kando ya chuma chenyewe. Wengi wameikubali, mjadala bado unaendelea, na katika orodha za minada vipande hivyo vinaendelea kuandikwa kama zamani: Newman 1-C, Newman 2-C.