Merle Hay hakuwa mwenye maduka

Mgeni anayehamia Des Moines, Iowa, na Waswahili wa Kongo na Burundi wako wengi huko, hulisikia jina la Merle Hay mapema sana. Kuna barabara ya Merle Hay. Kuna Merle Hay Mall, maduka yaliyofunguliwa mwaka 1959. Ni rahisi kudhani kwamba huyo Hay alikuwa tajiri aliyejenga maduka yake akajiandikia jina mlangoni.

Alikuwa askari wa kawaida, kijana wa miaka 21 kutoka Glidden, mji mdogo wa wakulima ulio mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka Des Moines. Aliuawa Ufaransa tarehe 3 Novemba 1917. Sisi tusilione la ajabu hilo la jina la vita kubaki sokoni: Kariakoo nayo ni hivyo hivyo, jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, katika vita ile ile. Tofauti ni kwamba Iowa ilimtaja mtu mmoja kwa jina lake. Kariakoo inawataja maelfu bila jina la hata mmoja.

Dhana inayorudiwa zaidi, hata na Wamarekani wenyewe, ni kwamba Hay ndiye Mmarekani wa kwanza kufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Siyo. Victor Chapman, rubani aliyejitolea upande wa Ufaransa, aliangushwa Juni 1916, Marekani ikiwa bado haijaingia vitani. Tarehe 4 Septemba 1917 ndege ya Wajerumani ikadondosha mabomu kwenye hospitali ya kijeshi kaskazini mwa Ufaransa, wakafa daktari William Fitzsimons na askari watatu wa Marekani. Hay na wenzake wawili, koplo James Gresham wa Evansville na Thomas Enright wa Pittsburgh, ni wa kwanza wa jeshi la Marekani kufa wakipigana na adui ana kwa ana. Usiku walishika zamu ya handaki karibu na kijiji cha Bathelémont. Kabla ya alfajiri mizinga ikalizingira handaki lao kwa moto ili msaada usifike, kisha Wajerumani wakaruka ndani. Nani kati ya hao watatu alitangulia kukata roho? Ilikuwa giza na vurugu, na sidhani kuna aliyekuwa akitazama saa. Kila mji unavuta kwake, na Iowa imeridhika kumhesabu Hay kuwa wa kwanza kwao.

Glidden tawi la American Legion lina jina lake, na hapo pana mkanganyiko mwingine. Neno Legion huwafanya watu wafikirie ile Legion ya Ufaransa inayoandikisha wageni. Hazina uhusiano. American Legion ni chama cha kiraia cha maveterani, kilichoanzishwa na askari wa Marekani waliokuwa Paris Machi 1919. Hakina bunduki za kwenda nazo vitani, na si ofisi ya serikali, ingawa Bunge la Marekani lilikipa hati mwaka huo huo. Wala si lazima mwanachama awe amepigana ng'ambo. Sharti hilo ni la chama kingine, Veterans of Foreign Wars, na watu huvichanganya kila siku.

Wapo pia wanaodhani tawi huitwa kwa jina la mfadhili au mwenyekiti wake. Katiba ya American Legion inakataza tawi kupewa jina la mtu aliye hai. Ndiyo maana ukiliona jina la mtu juu ya mlango wao, jua huyo ameshatangulia, na mara nyingi ni kijana wa mji huo huo.

La mwisho: kwamba Hay bado yuko Ufaransa. Walizikwa Bathelémont kweli, jenerali Mfaransa akahutubia kaburini, na baadaye kijiji kikawajengea mnara, ambao Wajerumani waliubomoa mwaka 1940. Lakini mwaka 1921 miili yote mitatu ilirudishwa Marekani. Ukimtafuta Merle Hay mwenyewe, yapite maduka, shika barabara kuu namba 30 kuelekea magharibi, uulize makaburi ya Glidden.