Je, wajua kwa nini Januari kitabu hakipandi?

Usiku wa tarehe 11 Januari nilikuwa ukurasa wa 47. Tarehe 12, ukurasa wa 47. Tarehe 14 nikausoma wote, juu hadi chini, nikageuza karatasi na kugundua sijaambulia kitu. Macho yalikuwa yamepita kila mstari. Wanafunzi wana neno lake: hakipandi.

Nilikuwa nimejiwekea chalenji ya kurasa 20 kila siku kwa mwaka mzima, na daftari la kuhesabia. Mwezi huohuo, hapa Igoma, Mwanza, mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita. Mtoto anaanza kidato cha kwanza, ana orodha ya sare, viatu na madaftari yenye urefu wa mkono. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, inasoma uniti tatu. Nikajiita mvivu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba uvivu haukuwa na kesi hapo.

Tuanze na macho. Jicho halitelezi juu ya mstari kama mtumbwi ziwani asubuhi. Linaruka, linatua kama robo sekunde, linaruka tena, na mara mojamoja linarudi nyuma kuhakikisha. Kwa mtu aliyezoea kusoma, kazi hiyo inaweza kuendelea hata mwenyewe akiwa ameshaondoka. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani, Erik Reichle, Andrew Reineberg na Jonathan Schooler, walifuatilia macho ya watu wakisoma riwaya na kuangalia ni lini mawazo yao yamehama. Msomaji aliye makini hukaa zaidi kwenye neno refu au adimu, na neno rahisi hulipita haraka. Mawazo yakihama, tofauti hiyo hufifia. Macho yanaendelea na safari ila hayajali tena yanapita juu ya nini, kama konda aliyesinzia huku daladala inakwenda.

Sasa, mawazo yamehamia wapi? Kichwani kuna sehemu inayoshika mambo unayoyafanyia kazi kwa wakati huohuo, na ni ndogo mno. Mwanasaikolojia Nelson Cowan, mwaka 2001, alikadiria kuwa inabeba mambo kama manne tu. Hesabu basi: kodi, sare, umeme, nani wa kumkopa. Zimejaa. Mhusika wa riwaya anayeingia mlangoni na barua mkononi hana pa kukaa, hata kama mwandishi amemleta kwa ustadi wa namna gani.

Kuna utafiti mmoja ambao mtu wa Usukumani atauelewa bila mkalimani. Anandi Mani na wenzake walikwenda Tamil Nadu, India, kwa wakulima 464 wa miwa, watu wanaopata fedha kwa mkupuo baada ya mavuno kama wakulima wetu wa pamba. Waliwapa mitihani ya kufikiri kabla ya mavuno, mifuko ikiwa mitupu, kisha baada ya mavuno. Wakulima walewale, vichwa vilevile. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Walichosema watafiti ni kwamba uhaba wenyewe unakula nafasi ya kufikiria. Nami naongeza langu: tunaanza chalenji za kusoma katika mwezi ambao kichwa kina nafasi ndogo kuliko yote, kisha tunashangaa.

Lakini kutokusoma siku kumi hakuui chalenji. Piga hesabu. Kurasa 20 mara siku 31 ni kurasa 620. Hata ukipoteza Januari nzima, gawa deni hilo kwa siku 334 zilizobaki: hazifiki kurasa mbili za nyongeza kwa siku. Mbona basi madaftari mengi huishia Januari?

Kwa sababu ya liwalo na liwe. Mwaka 1975 Peter Herman na mwenzake waliwapa watu kinywaji kizito cha maziwa na sukari, kisha wakawawekea aiskrimu wale watakavyo. Waliokuwa hawajinyimi chakula walikula kidogo, maana wameshashiba. Waliokuwa wakijinyima ndio walioshambulia bakuli: sharti limeshavunjika, kuna nini tena cha kulinda? Daftari lenye pengo la siku tatu hufanya kazi ileile. Tunaliacha kwa kuwa limechafuka, wala si kwa kuwa deni ni kubwa.

Na pengo lenyewe halina nguvu tunayoipa. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 wakijenga mazoea mapya. Mazoea yalichukua siku 18 kwa wengine na hadi 254 kwa wengine, katikati zikiwa 66. Kuruka siku moja hakukuvuruga chochote cha maana.

Nilichokuja kukifanya nilijifunza kibarazani. Jirani yangu ni mvuvi wa dagaa, na wiki ile alikuwa nyumbani mchana na usiku akishona wavu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: taa inawavuta, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa ya mtumbwi haina la kuwaambia. Nikamuuliza kama haoni mwezi unampotea.

"Unapotea vipi?" akasema bila kuinua macho. "Mimi mwezi wangu ni wa giza. Huu mwanga ni wa kushona."

Usiku ule nilikata mstari kwenye daftari. Palipoandikwa "kurasa 20 kila siku" nikaandika "kurasa 400 kwa mwezi, usiku wowote zitakapopatikana." Siku ambazo kichwa kimejaa namsomea mdogo wa yule wa kidato cha kwanza kitabu chake cha darasa la pili, kwa sauti, na ndiyo, kurasa hizo nazihesabu. Januari niliifunga na kurasa 236. Februari, kodi ikiwa imeshalipwa, 431.

Ukurasa wa 47 niliuruka. Hadi leo sijui kuna nini.