Kidole gumba hakifiki juu: dhana potofu kuhusu kutumia simu kwa mkono mmoja

Umesimama kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika simu. Ghafla unakumbuka hukuzima data, na bando la siku ulilojiunga asubuhi linateketea kwa masasisho ambayo hukuyaomba. Kitufe cha kuzima data kiko juu kabisa, na kidole gumba kinaishia katikati ya skrini. Unaanza kuipandisha simu kiganjani kidogokidogo, kidole cha mwisho kimeikinga kwa chini, dereva anafunga breki. Mafundi wa vioo wanaishi kwa breki hizo.

"Tatizo ni mkono wangu mdogo."

Hapana. Chukua rula. iPhone 6 Plus ya mwaka 2014, ambayo wakati huo watu waliicheka kuwa ni sinia, ilikuwa na skrini ya inchi 5.5 yenye umbo la 16 kwa 9. Ukipiga hesabu, hiyo ni upana wa sentimita 6.85 na urefu wa 12.2. Simu ya leo ya inchi 6.7 yenye umbo la 20 kwa 9 ina upana wa sentimita 7 na urefu wa 15.5. Upana umeongezeka milimita moja na ushee, urefu sentimita tatu na ushee. Simu haikunenepa, ilirefuka. Mkono wako ni ule ule.

Mipangilio ya haraka, yaani vile vitufe vya data, Wi-Fi na tochi unavyovivuta kutoka juu kama pazia, nayo ilizaliwa simu zikiwa fupi. Android iliileta na toleo la 4.2 mwaka 2012, pamoja na Nexus 4 ya inchi 4.7. Kwenye skrini ya namna hiyo, kuvuta pazia kutoka juu hakukuwa kazi. iPhone ilikuwa na busara zaidi: Control Center, ambayo ndiyo mipangilio yake ya haraka, ilifunguliwa kwa kutelezesha kidole kutoka chini, mpaka mwaka 2017 ilipokuja iPhone X bila kitufe cha nyumbani. Ukingo wa chini ukapewa kazi ya kurudi mwanzo, Control Center ikahamishiwa kona ya juu kulia, mahali pagumu kuliko pote kwa anayetumia mkono wa kushoto.

"Ile hali ya mkono mmoja inakufanyia simu ndogo ndani ya simu kubwa, haina maana."

Anayesema hivi mara nyingi ameiona kwenye Samsung tu. Huko kweli skrini nzima hupungua na kusogea upande mmoja, maandishi yakawa ya kukodolea macho. Lakini tangu Android 12 ya mwaka 2021 kuna namna nyingine, ambayo haipunguzi kitu: skrini inateremka, sehemu ya juu inakufuata kidoleni. Kwenye simu kama Pixel ya Google utaikuta ndani ya Mipangilio, kwenye Mfumo, halafu Ishara. Watengenezaji wengine huiweka wanapopenda, kwa hiyo fupisha safari: andika "mkono mmoja" kwenye sehemu ya kutafuta ndani ya Mipangilio, au "one-handed" kama simu yako inaongea Kiingereza.

Ukishaiwasha, usiondoke haraka. Humo ndani kuna chaguo ambalo watu hulipita: badala ya kuteremsha skrini, mtelezo mfupi kuelekea chini kwenye ukingo wa chini unaweza kukufungulia arifa moja kwa moja. Ukivuta tena kidogo, mipangilio ya haraka hiyo hapo. Kwangu mimi hili ndilo jibu lenyewe, na linafanya kazi hata ukiwa ndani ya programu nyingine.

Simu nyingi za Android pia hukuruhusu kuvuta pazia ukianzia popote kwenye skrini ya mwanzo. Ni rahisi, ila ukiwa ndani ya WhatsApp haikusaidii mpaka utoke kwanza. Na kwenye iPhone usijaribu, utafungua sehemu ya kutafuta.

"iPhone haina njia."

Inazo, zimefichwa tu. Reachability imekuwepo tangu 2014: iwashe kwenye Mipangilio, sehemu ya Accessibility, chini ya Touch, kisha telezesha kidole kwenda chini kwenye ukingo wa chini kabisa. Skrini ikishateremka, vuta tena kutoka kona yake ya juu kulia, Control Center inafunguka. Tangu iOS 14, iPhone 8 na zilizofuata zina pia Back Tap: unagonga mgongo wa simu na Control Center inakuja. Chagua kugonga mara tatu badala ya mbili, la sivyo itafunguka kila unapoiweka simu mezani.

"Pakua programu fulani, itakuwekea kitufe cha pembeni."

Hapa nakuwa mkali. Programu nyingi za aina hii huomba ruhusa ya ufikivu (accessibility), na ruhusa hiyo si ndogo: programu iliyopewa inaweza kusoma kilicho kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba yako. Simu hiyo hiyo ndiyo yenye M-Pesa yako na programu ya benki. Ndiyo maana tangu Android 13, programu iliyotoka nje ya duka rasmi huzuiwa kwanza kupewa ruhusa hiyo. Wakikuelekeza namna ya kuondoa kizuizi hicho, jiulize wana haraka gani.

Tena kitufe chenyewe unacho tayari. Simu nyingi za Android, kwenye sehemu ya ufikivu, zina Menyu ya Zana za Ufikivu: kitufe kinachokaa kwenye skrini, ukikigusa yanakuja maumbo makubwa chini, kwenye usawa wa gumba, na mojawapo ni mipangilio ya haraka. iPhone ina AssistiveTouch kwa kazi hiyo hiyo.

"Vitufe vimepangwa na kampuni, havigusiki."

Tangu Android 7 ya mwaka 2016 unavipanga mwenyewe. Gusa alama ya kalamu, shika kitufe, kiburute. Vichache vya mwanzo ndivyo vinavyoonekana ukivuta pazia mara moja tu, kwa hiyo nafasi hizo usizigawe ovyo. Mimi ya kwanza nimeipa tochi, kwa sababu umeme haupigi hodi, ya pili data. Hotspot nimeipeleka ukurasa wa pili, na majirani bado hawajagundua.