Idadi ya kromosomu si ukuta

Wengi tulifundishwa hivi: kromosomu, nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni, zikitofautiana idadi, uzazi umekwisha, na hapo hapo spishi mpya imezaliwa. Mfano ni baghala. Farasi ana 64, punda 62, na mtoto wao mwenye 63 huwa tasa karibu siku zote.

Sasa nenda Laikipia, Kenya. Punda milia wa kawaida ana kromosomu 44, yule wa Grevy 46, lakini wamezaa machotara, na machotara nao wakazaa. Farasi wa Przewalski, farasi-mwitu wa Asia mwenye 66, naye huzaa na farasi wa kufugwa, na watoto wao si tasa.

Idadi zikitofautiana hivyo, mara nyingi kilichotokea ni kromosomu mbili fupi kuungana kuwa moja ndefu. Jeni ni karibu zilezile. Chotara anapotengeneza mbegu za uzazi, ile ndefu hujipanga na zile fupi mbili. Mgawanyo ukienda kombo, uzazi hupungua, wala haukomi. Miungano kama hiyo ikirundikana vizazi kwa vizazi, hasa makundi yakiwa yametengana, kizuizi hukomaa polepole.

Mimea ndiyo yenye haraka ya kuunda spishi mpya: ngano ya mkate ilipata kromosomu zake 42 kwa kujumlisha seti nzima za nyasi tofauti.